Mbao Tano za Endara

Mwezi uliopita nilishuka mjini Kasese kununua risasi ya kulehemu, kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza redio na spika, hasa za makanisa, na spika za makanisa huungua sana msimu wa mikutano ya maombi. Nilikuwa nakatiza kati ya bodaboda na wauza nyanya kuelekea yanakoegeshwa magari ya Bwera, mwanamke mmoja akaniita kwa jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini. "Nusu." Sikugeuka. Mtu akifika umri wangu hujidanganya kwamba majina ya namna hiyo yamekwisha kufa. Akaita tena, safari hii ili na wauza nyanya wasikie: "We Nusu, na masikio uliyakata?" Alikuwa ameketi juu ya dumu la mawese, kitenge cha manjano kiunoni, uso umejaa, lakini mdomo ulikuwa uleule. Ni Kavira, binti wa Papa Katembo, fundi niliyemfanyia kazi ujanani. Alinisogezea dumu la pili nikae, na baada ya salamu ndefu akaniambia, "Papa tulimuzika mwaka jana, kule Butembo. Mpaka siku za mwisho alikuwa anauliza, ule Kambale wangu wa Bwera iko wapi, iko anafanya nini." Nikamwambia pole. Yeye akaendelea. "Uliandika ile mambo?" Nikamuuliza mambo gani. "Ya mbao. Papa alisema wewe iko mutu wa daftari, siku moja utaandika." Nilikiri kwamba bado. "Basi andika," alisema, akiinuka kwa kuwa gari lake lilikuwa linapakia. "Lakini usijifanye ulikuwa na akili kuanzia mwanzo."

Nitajitahidi. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini, na mtihani wa kidato cha nne nilikuwa nimeuacha nyuma yangu kama mtu anavyoacha shimo aliloangukia. Somo nililoanguka vibaya zaidi lilikuwa fizikia. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kazi hapa. Inatosha kusema kwamba nilikuwa Bwera nikibeba mchanga kwenye ujenzi wa kanisa jipya, na kwamba katika begi langu kilikuwamo kile kitabu cha fizikia, kimevikwa jalada la gazeti, nilichokuwa nakisoma wakati wa chakula, kwa hasira zaidi kuliko kwa mapenzi. Wajenzi wenzangu walidhani ni kitabu cha sala.

Kamati ya kanisa ilitaka siku ya kufungua jengo ipigwe endara. Kwa msomaji wa mbali, endara ni marimba yetu sisi Wakonzo: mbao nzito za mti mgumu, zimepangwa kutoka ndefu hadi fupi juu ya vigogo viwili vya mgomba vilivyolazwa chini, na wapigaji huketi pande mbili wakizigonga kwa magongo. Sauti ni tano, kisha ya kwanza inarudi, ikiwa nyembamba, na nyingine nne zinaifuata. Endara ya zamani ya Bwera ilikuwa imeliwa na mchwa. Fundi aliyebaki anayejua kuchonga nyingine alikuwa Papa Katembo, aliyevuka mpaka kutoka upande wa Butembo pamoja na binti yake wakati wa mapigano ya kule. Ndugu zetu wa upande ule wana majina yetu yaliyopindishwa kidogo tu, na kwa hiyo mimi, Bwambale, nikawa Kambale siku ile ile nilipopewa kazi ya kumnyanyulia magogo. Hakuniuliza.

Makubaliano yalikuwa wazi, na kila mtu pale Bwera aliyajua. Siku zile wakimbizi waliokosa mwenyeji wa kuwadhamini walikuwa wanapakiwa kwenye malori kupelekwa kambini, mbali, mwendo wa siku nzima, mahali ambapo fundi wa endara asingekuwa na mti wala mtu wa kumpigia. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Baluku, mnunuzi wa kahawa mwenye tabia ya kushika mikono nyuma hata anapokula karanga, alisema kanisa litamdhamini Papa na binti yake na kuwaachia chumba cha stoo wakae, endara ikilia siku ya ufunguzi. Isipolia, kanisa halina sababu ya kuweka fundi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema bei.

Chumba chenyewe nakikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizolala baadaye. Kilikuwa nyuma ya ukuta wa madhabahu, kinanuka saruji na taka za mbao, na dirisha moja lililozibwa kwa bati upande wa chini ili mbuzi wasichungulie. Upande wa kushoto kulikuwa na kitanda cha Papa, mbao za jukwaa la ujenzi juu ya matofali. Kavira alikuwa amejitengea pembe kwa pazia la gunia, na mimi, msaidizi, nililala karibu na mlango. Ukutani zilisimama mbao za endara kwa urefu wao, kama watoto wa familia moja wanaongoja kupigwa picha. Chakula kilikuwa bundu, ugali wa muhogo, na sombe la majani yake, na siku za bahati dagaa au kipande cha samaki wa ziwani. Papa alikula polepole, na katikati ya tonge angeweza kunyoosha mkono kwa nyuma, agonge ubao mmoja kwa kifundo cha kidole, asikilize, halafu aendelee kutafuna. Kavira alikuwa akisema, "Papa, unakula na mbao zako, sisi tungojee mpaka mumalize kuongea?"

Mbao zilipaswa kuwa kumi na nne. Tano ndefu alizimaliza katika miezi miwili ya kwanza, na zilikuwa nzuri. Tulizilaza nje juu ya vigogo vya mgomba na watu wakaacha mambo yao wakaja kusikiliza. Lakini kamati haikutaka migomba ndani ya kanisa. Utomvu wake ukimwagika kwenye saruji mpya hautoki, na Mzee Baluku aliongeza sababu yake mwenyewe. "Vigogo ni ya matanga," alisema. "Hapa iko nyumba ya Mungu, mpya. Tutengeneze fremu." Wakamwita fundi wa madawati, kijana mzuri sana wa kazi yake, akatengeneza fremu ya mti wa mkaratusi iliyopigwa vanishi, na bila kumuuliza Papa akazipigilia mbao zote tano, msumari kila ncha, zimenyooka kama viti vya shule. Tuliitwa kuitazama Ijumaa mchana. Mpigaji mmoja akainua gongo akapiga ubao mrefu. Ilitoka sauti ya mtu anayebisha mlango na kuomba usifunguliwe. Akapiga wa pili, vivyo hivyo. Mzee Baluku akamgeukia Papa. "Fundi, hii ndiyo endara?" Papa akaizunguka ile fremu taratibu. "Hapana," alisema. "Hii iko meza."

Watu walicheka, lakini jioni ile chumbani hakuna aliyecheka. Tuling'oa misumari tukazirudisha mbao ukutani, na nikamuuliza Papa kwa nini msumari umeua sauti wakati kigogo cha mgomba hakiiui. Akanijibu, "Mbao inalala pahali pawili. Ukiishika pahali inalala, haina neno. Ukiishika pahali inacheza, inanyamaza." Nikamuuliza pahali hapo ni wapi. Akaweka viganja viwili juu ya ubao, bila kupima. "Hapa na hapa. Mukono unajua." Jibu hilo lilinikera. Nilikuwa nimefeli somo zima kwa sababu ya watu ambao mikono yao inajua na hawawezi kusema.

Kilichofuata kilitokea kwa ajili ya sombe. Chumvi yetu ilitoka Katwe, mabonge ya kijivu ambayo lazima yasagwe, na Kavira, kwa kukosa jiwe safi, alikuwa ameulaza ubao mrefu wa endara juu ya mafungu mawili ya majani makavu ya mgomba akawa anasagia chumvi juu yake kwa chupa. Papa, kwa kumchokoza, akaanza kugonga ncha ya ubao kwa kifundo, tok, tok, tok. "Papa, unarusha chumvi yangu," Kavira akasema, na kweli ilikuwa inaruka. Lakini haikuruka ovyo. Punje zilizokuwa katikati zilitembea kuelekea pembeni, punje za nchani zikatembea kuelekea ndani, na zote zikakutana na kutulia katika mistari miwili iliyokatiza ubao. Nilimshika Kavira mkono asiikusanye. "Acha," nilimwambia. "Acha nipime kwanza." "Unataka kupima chumvi?" "Ndiyo." Akamtazama baba yake. "Huyu mutu wako ameanza."

Ubao ulikuwa sentimita themanini, na mistari ya chumvi ilikuwa karibu kumi na nane kutoka kila ncha. Tukafanya hivyo kwa zote tano, Kavira akilalamika huku akiwa wa kwanza kuleta ubao uliofuata. Ziwe ndefu au fupi, chumvi ililala mahali pale pale kwa kadiri yake: chini kidogo ya robo ya urefu, sehemu ishirini na mbili na ushee kwa mia. Leo naweza kueleza. Ubao ukigongwa hujikunja kama mgongo wa paka, katikati kwenda juu ncha zikienda chini, kisha kinyume chake, mara mia na zaidi kwa sekunde, na kati ya kinachopanda na kinachoshuka lazima pawepo mahali pasipokwenda popote. Hapo ndipo chumvi hupumzika, na hapo ndipo babu zetu walipoweka migomba bila kumwona mtu yeyote akiandika namba. Siku ile sikuwa na maelezo hayo. Nilikuwa na safu mbili za tarakimu katika daftari, na viganja vya Papa vilivyokuwa vimelala juu ya mistari ile kabla ya chumvi kufika. Fundi wa madawati alikuja, akaona, akaitengeneza fremu upya bila kinyongo. Reli zake mbili sasa zilikaribiana kuelekea upande wa mbao fupi, juu yake tukafunga kamba nene ya majani makavu ya mgomba, na vijiti vikatenganisha mbao badala ya misumari. Zikalia. Mzee Baluku akaniuliza nimesoma wapi, na mimi, niliyefeli, nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilianza kuamini kwamba Papa anajua bila kuelewa na kwamba mimi naelewa, na kwamba kuelewa ni bora. Zilibaki mbao tisa, tano za kati na nne ndogo kabisa, na majuma matatu. Namna ya Papa ilikuwa kukata ubao ukiwa mrefu kuliko inavyotakiwa kwa upana wa kiganja, kuugonga, kuulinganisha na mwenzake mkubwa, kupunguza kidole kimoja, kugonga tena, na hivyo siku mbili kwa ubao mmoja. Niliona tutachelewa. Kitabu changu kilikuwa na sura ya nyuzi za gitaa, na sura hiyo ilisema bila kusita: ukifupisha uzi kuwa nusu, mitetemo huwa mara mbili, na unapata sauti ile ile ikiwa nyembamba. Sauti ile ile ikiwa nyembamba ndiyo tuliyoitaka kwa zile tano za kati. Papa alikwenda mpakani Mpondwe kwa siku tatu kungojea habari za kaka yake. Aliponiaga alisema, "Laini mbao, sokota kamba. Kukata, ungoje mimi." Kavira alikuwa mlangoni, alisikia.

Sikungoja. Siku ya pili nilizipima zile ndefu, nikagawa kila urefu kwa mbili, nikachukua magogo matano yaliyokuwa yamekaushwa kwa ajili ya mbao za kati nikayakata yote mchana mmoja, kwa unadhifu ambao hata sasa nauonea fahari kidogo. Sikugonga hata moja kabla ya kumaliza. Kavira aliniletea chai akatazama vipande vya ziada vilivyolala chini. "Papa amekuruhusu?" "Ni hesabu," nilimwambia. "Hesabu haihitaji ruhusa." Akanywa ile chai yeye mwenyewe, akaondoka.

Papa aliporudi alikaa kitandani, akavua viatu, akaomba apewe ubao mrefu wa kwanza na mwenzake mfupi. Akagonga ule wa themanini. Akagonga ule wa arobaini. Hakukunja uso. Akagonga tena, polepole, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha jina la aliyekufa. "Iliruka nyumba ya katikati," alisema. "Iko sauti yake, ni kweli, lakini imeenda mpaka kwa wajukuu." Ilikuwa imepanda ngazi mbili badala ya moja. Mitetemo ilikuwa mara nne, si mara mbili. Ilinichukua miaka kuelewa barabara. Uzi hauna nguvu yake mwenyewe, hurudishwa na mvuto wa ncha zake mbili, lakini ubao hurudishwa na ukaidi wake, na ubao mfupi ni mkaidi kupita ufupi wake. Jaribu kuvunja kijiti kirefu gotini, kisha uvunje nusu yake. Jioni ile nilielewa kitu kimoja tu: mbao ndogo kabisa sasa tulikuwa nazo za kutosha na kuzidi, za kati hatukuwa na hata moja, na mti mbichi hauwezi kukauka kwa majuma mawili na siku nne. Papa hakunipigia kelele. Alilala ameelekea ukutani, na Kavira hakupika.

Kesho yake kamati ilikutana ndani ya kanisa, upande wa pili wa ukuta wetu. Ukuta ule haukuwa umepigwa lipu na ulipitisha kila kitu. Nilikuwa nimeketi chini, nimeegemea matofali. Nilimsikia Mzee Baluku akiuliza mbao za kati ziko wapi, na nikamsikia Papa akijibu, "Zilipasuka, Mzee. Mti ulikuwa na ufa ndani." Mtu mmoja akasema, "Zote tano, siku moja?" Mwingine akasema, "Huyu amekula mti yetu. Lori inapita kila Jumanne, apande." Mzee Baluku akauliza, "Fundi, zilipasuka zote?" Na Papa, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya hata kuhusu umri wake, akasema, "Zote." Kavira alikuwa amesimama nyuma ya pazia lake la gunia. Alilifunua, akanitazama. Niliinuka nikazunguka jengo, nikaingia kwa mlango mkubwa.

Nilichosema kilikuwa kifupi. Nilisema mbao hazikupasuka, nimezikata mimi, Papa alikuwa amenikataza, na nilizikata nusu kwa sababu ya kitabu. "Nusu?" Mzee Baluku aliuliza. "Nusu." "Ulipima?" "Nilipima vizuri sana, Mzee." Hapo mmoja wa wazee akashindwa kujizuia, kicheko kikapita benchi hadi benchi, na jina langu likazaliwa pale pale. Mzee Baluku hakucheka. Alimtazama Papa kwa muda, nadhani alikuwa anatafuta bei ya mtu anayejitwika kosa la mwenzake. Kisha akauliza swali la kibiashara. "Mti wenyewe iko namna gani?" Papa akamwambia jina lake kwa Lhukonzo. Mzee akashika mikono nyuma. "Nyumba yangu ya zamani kule Mahango, mihimili ya mlango iko hiyo hiyo. Baba yangu aliiweka. Nusu aende ayatoe. Lakini akipima tena, mtu amsimamie."

Tulipanda Mahango mimi na Kavira, ambaye alisema yeye ndiye msimamizi. Nyumba ilikuwa imeachwa, mlango umebaki umesimama wakati kuta zimeinama. Tuliichomoa mihimili miwili, tukalala kwa shangazi mmoja aliyetupa viazi na maharage bila kuuliza tunabeba nini, na alfajiri tukaanza kuteremka, kila mmoja na muhimili wake kichwani, kwenye njia ambayo hata mbuzi huishuka kwa mashauri. Chini barabarani askari akatusimamisha. "Nyinyi, simama hapo. Unabeba nini?" "Mlango, afande," nilisema. Akatazama kichwa changu, akatazama cha Kavira. "Mlango? Nyumba iko wapi?" Kavira akajibu kabla yangu, "Nyumba ilibaki, afande. Ilikuwa nzito." Askari akatupisha, akageuza uso upande mwingine.

Mihimili haikuwa mingi. Mmoja ulikuwa na mita moja na nusu za mti mzima. Wa pili mchwa walikuwa wameula mguu, ikabaki mita moja na sentimita kumi na saba. Kwa namna ya Papa, ya kuanza na kiganja kizima cha ziada, mbao tano zisingetoka, zingetoka nne. Ilibidi kujua urefu kabla ya kukata, na mtu aliyekuwa amejidai kujua urefu kabla ya kukata alikuwa mimi. Papa akaketi akasema, "Sasa, Kambale. Tafuta namba yako. Lakini itafute kwa masikio." Kwa siku tatu nilikata mkaratusi uliobaki fremu ilipotengenezwa, mbao zisizo na thamani. Nilichukua mbili zilizolingana kwa unene, za sentimita sitini, nikaacha moja nzima na kuipunguza nyingine kidogo kidogo, nikigonga zote mbili kila mara, Papa amefumba macho. Alipoinua kidole, nilipima: arobaini na mbili. Nikaanza upya na za hamsini. Aliinua kidole kwenye thelathini na tano. Nikaanza upya na za sabini, ikawa arobaini na tisa na kidogo. Niliandika zote katika daftari na nikaziona zinafanana: saba kwa kila kumi. Baadaye, nikiwa peke yangu, nilizidisha saba kwa saba nikapata arobaini na tisa, karibu nusu ya mia. Kwa hiyo nusu ilikuwamo kweli, ila imejificha ndani ya namba inayojizidisha yenyewe. Sidhani nimewahi kufurahi hivyo mbele ya karatasi.

Tulikata Jumamosi. Mbao tatu fupi kutoka muhimili mrefu, mbili ndefu kutoka ule ulioliwa, kila moja ikiwa na ziada ya upana wa kidole kimoja na si zaidi. Msumeno ulikuwa mkononi mwangu na mkono wa Papa ulikuwa juu ya bega langu, mwepesi, haunisukumi wala haunizuii. Mti ule wa mlango, uliokauka tangu baba yake Mzee Baluku, ulikuwa mkavu kuliko magogo yetu na ulilia juu kidogo ya tulivyotarajia. Hapo mkono unaojua ukafanya kazi yake. Papa aligeuza kila ubao, akakwangua kwa chini, katikati, nyuzi nyembamba kama ganda la kitunguu, kwa kuwa ubao ukikondeshwa tumboni hulegea na sauti hushuka. Alikwangua na kugonga, mimi nikaandika. Ule wa mwisho tuliumaliza Jumatano, na ufunguzi ulikuwa Jumapili. Ndogo nne za mwisho hatukuhitaji kuzichonga. Zilikuwa zile nilizoziharibu.

Siku ya ufunguzi wapigaji sita waliketi pande mbili za fremu. Mahubiri yalikuwa marefu na mimi sikusikia neno. Nilikuwa nimesimama ukutani karibu na Papa, aliyekuwa amevaa shati jeupe la kuazima, na nilikuwa nahesabu mbao kwa macho kama mtu anayehesabu watoto kabla ya kuvuka mto. Wakaanza chini, kwenye zile ndefu, na sakafu ikatetemeka kwenye nyayo. Wakapanda. Walipofika katikati, zile sauti tano ziliingia mahali pake bila kubisha, kana kwamba hazijawahi kukosekana, akina mama wakaitikia kwa vigelegele, na wazee waliokuwa wamekaa wakasimama. Mzee Baluku alikuwa mbele yetu, mikono nyuma. Nilimwona anainamisha kichwa upande mmoja, kisha akageuka akamwambia Papa kwa sauti ya kawaida kabisa, katikati ya ngoma zote zile, "Hiyo ya sita ni mlango yangu." Papa akasema, "Iko yenyewe, Mzee." "Inafungua vizuri kuliko ilivyokuwa," Mzee akasema, na baada ya kupiga hatua mbili akarudi. "Barua ya udhamini iko kwa padri. Kesho uiweke sahihi. Na binti pia."

Lori lilipita Jumanne na halikusimama kwetu. Mchana wa siku hiyo tulikuwa tunakula, bundu na sombe na, kwa mara ya kwanza tangu niingie chumba kile, nyama, wakati wanaume wawili wa Kyarumba walipoinama mlangoni wakisalimia. Walikuwepo kanisani Jumapili. Parokia yao nayo ilitaka endara, na walitaka kujua wakate mti kiasi gani ili ukauke kabla ya mavuno ya kahawa. Walimuuliza Papa, kama inavyostahili. Papa alikuwa na tonge mdomoni. Alitafuna, akameza, akachukua jingine, na kwa kidevu akanionyesha mimi. Wale wanaume walinitazama, na mmoja, ambaye bila shaka jina langu lilikuwa limemfikia, akazuia tabasamu. Nilinawa mkono, nikafungua daftari nikawapa urefu wa mbao ndefu tano, mmoja mmoja. "Na za kati?" aliuliza. "Saba ya kumi ya hizo," nilisema. "Una hakika?" Kavira aliacha kutafuna. Nilitazama namba zangu, ambazo zilikuwa sahihi, na ni sahihi hata leo. "Hapana," nilisema. "Leteni zikiwa ndefu kidogo. Tutasikiliza." Nyuma yangu nikamsikia Papa anaendelea kula.